Sumaku ya Molekuli na Hesabu ya Sifa za Mkemia

Kila askari aliyepitia mafunzo ya kusoma ramani amewahi kushika dira mkononi, akaamriwa asogee mbali na bunduki na gari kabla ya kutazama uelekeo, kwa kuwa chuma huipotosha sindano. Somo hilo tulilipata sote. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliojiuliza kama sindano ile yaweza kupunguzwa hadi wapi na bado ikabaki sumaku. Ikatwe vipande viwili, na kila kipande kitakuwa na kaskazini yake na kusini yake. Iendelee kukatwa hadi zipatikane chembe zisizoonekana kwa jicho, na hatimaye joto peke yake litazitikisa chembe hizo hata zisahau upande ziliouelekea.

Swali hilo limewashughulisha wakemia kwa miaka mingi, na katika kulitafutia jibu imetokea habari ya mtaalamu mmoja wa Poland ambayo twaona inawafaa wasomaji wetu, watu ambao kazi yao hupimwa kwa karatasi mwaka hata mwaka.

Mwaka 1980 Tadeusz Lis, wa Chuo Kikuu cha Wrocław, alichapisha makala katika jarida la wataalamu wa fuwele, jina lake likiwa pekee juu ya makala hiyo. Alikuwa amechanganya chumvi ya manganizi na pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya rangi ya zambarau ambayo matabibu wa vikosi wameitumia kuoshea vidonda. Mchanganyiko huo aliutia katika asidi ya siki, akapata fuwele nyeusi. Kwa msaada wa eksirei alionyesha kwamba kila molekuli ya fuwele hizo ina atomi 12 za manganizi, 4 zikiwa katikati na 8 zikizizunguka. Akadokeza pia kwamba umbo la namna hiyo lapaswa kuwa na tabia ya sumaku inayostahili kuangaliwa.

Tabia hiyo tuieleze kwa mchezo wa kuvuta kamba. Zile atomi 8 za nje huvuta upande mmoja, kila moja kwa nguvu ya 2 katika kipimo cha wataalamu, jumla 16. Zile 4 za ndani huvuta upande wa pili, kila moja kwa nguvu ya 1.5, jumla 6. Hubaki 10, nayo ni nguvu kubwa kwa kitu kidogo namna hiyo.

Hata hivyo muongo ule ulipita makala ya Lis ikitajwa kwa nadra na wenzake. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1990, pale Roberta Sessoli, Dante Gatteschi na wenzao wa Florence, Italia, walipoichukua molekuli ile ile na kuipoza. Mwaka 1993 walitangaza katika jarida la Nature kwamba katika baridi ya nyuzi 271 chini ya sifuri, molekuli zilizokwisha kuelekezwa upande mmoja huchukua kadiri ya miezi miwili kabla ya kuupoteza uelekeo huo. Tena kila molekuli hufanya hivyo yenyewe, bila kutegemea jirani zake, mithili ya mlinzi aliyeachwa lindoni peke yake pasipo koplo wa zamu kumkagua. Tangu hapo makala ya Florence imetajwa mara maelfu, na ile ya Lis, iliyolala kwa miaka, ikaamka nayo ikapita mara elfu moja.

Hesabu hizi za kutajwa hazikuanza jana. Mwaka 1964 Eugene Garfield, wa Philadelphia, alianza kutoa faharasa iliyoonyesha ni makala gani imetajwa na nani. Nia yake ilikuwa kumwezesha mtafiti kuifuata fikra kutoka ilikozaliwa hadi ilikofika, kama mfuata nyayo afuatavyo njia. Baadaye wakubwa wa vyuo waliona kwamba nyayo hizo zaweza pia kutumika kumpima aliyeziacha. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch, wa California, alipendekeza kipimo kifupi zaidi: mtu akiwa na makala 30 ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara 30, alama yake ni 30.

Hapa ndipo sisi tunapotia shaka. Kwa kipimo cha Hirsch, makala ya Lis humwongezea mwandishi wake alama moja tu, iwe imetajwa mara mia moja au mara elfu. Makala ya Florence ina waandishi wanne, na kila mmoja huandikiwa jumla nzima pasipo kugawana. Tena, kama mtu angekaguliwa mwaka 1985 kwa hesabu ya kutajwa, fuwele zile nyeusi zisingemsaidia kitu, ingawa sumaku ilikuwa tayari ndani ya chupa. Haki ituseme pia: bila faharasa ya Garfield, mgeni wa elimu hii angepata taabu kubwa kutoka Florence na kurudi nyuma hadi Wrocław. Basi kosa haliko katika kuhesabu, bali katika haraka ya anayesoma hesabu.

Kazi yenyewe imesonga mbele. Mwaka 2018 kundi la watafiti wa Uingereza, Uchina na Finland lilieleza molekuli yenye atomi moja tu ya disprosi, ambayo hutunza kumbukumbu yake ya sumaku hadi nyuzi 193 chini ya sifuri. Kiwango hicho kimepita kidogo kile cha naitrojeni ya kimiminika, ambayo ni rahisi kupatikana kuliko heliamu. Manganizi haimo kabisa ndani ya molekuli hiyo. Lakini watafiti wapya wa fani hii wangali wanaanza masomo yao kwa zile atomi 12 za Wrocław, na makala ya 1980 ingali inatajwa.