Miguu ya Uso wa Saa Haikatwi Ovyo

"Fundi, uso niliouagiza una upana sawa na wa zamani, ila miguu yake haiingii. Nikiikata nibandike kwa supaglu, si itakaa?"

Haikai. Naulizwa hivi kila mara, na wengi wanaouliza wameshabandika.

Uso wa saa haununuliwi kwa upana, hununuliwa kwa mashine iliyomo ndani. Hiyo miguu, vipini viwili vya nyuma, hutumbukia kwenye matundu ya mashine. Kila mtengenezaji wa mashine, Seiko, Miyota, ETA, ana mpangilio wake. Miguu ndiyo inayoweka tundu la katikati sawa na mhimili wa mishale, na dirisha sawa na tarehe. Ukiikata unakisia kwa jicho. Kosea nusu milimita, tarehe inaonekana upande na mshale wa saa unasugua.

Najua uzushi wa kukata miguu ulikoanzia. Nyuso nyingi za mashine ya NH35 ya Seiko huuzwa na miguu minne makusudi: miwili ya saa zenye kitufe cha kurekebishia kwenye namba 3, miwili ya zile ambazo kitufe hicho kiko karibu na namba 4, kama Seiko SKX007. Unakata miwili, unabaki na miwili. Mtu akaona kwenye video koleo likikata, akaizima.

Supaglu sasa. Ikikauka hutoa mvuke, na ndani ya saa iliyofungwa mvuke huo unatua kwenye kioo na kwenye rangi ya uso, ukungu mweupe. Polisi huutumia mvuke huohuo kuibua alama za vidole. Juzi nimefungua saa moja: tarehe imegandia 17 kwa sababu gundi ilichuruzika hadi kwenye gurudumu lake, na upande wa ndani wa kioo kidole gumba cha mwenye saa kimejichora chote, mistari inahesabika. Uso wenyewe haukung'oka bila kupinda. Akaniuliza kama kuna dawa ya kuyeyusha. Ipo, na inayeyusha rangi pia.

Miguu ikivunjika kweli, mafundi tuna vidoti vya gundi ya pande mbili, navyo hukaa pasipozunguka kitu.

Haya, wanaotaka kubadilisha. Anza na mkanda. Pima kwa kalipa nafasi kati ya pembe zinazoushika: SKX007 ni milimita 22, mdogo wake SKX013 ni 20. Cheni yenye ncha za kupinda nunua ya modeli yako hasa. Pini za Seiko za kuzamia ni nene, milimita 2.5, na mikanda mingi ya ngozi haizipokei. Funika pembe kwa selotepu kabla ya kuchokonoa. Kwa uso, soma kifuniko cha nyuma: 7S26-0020 maana yake mashine ni 7S26. Madirisha mawili, siku na tarehe, yanataka 7S26 au NH36. Kwenye NH35 moja litabaki tupu. Mishale ya familia hiyo ina tundu la milimita 1.5 kwa saa na 0.9 kwa dakika. Uso wa Seiko ulioandikwa Rolex usiniletee. Kifuniko kikishafunguliwa, badilisha mpira wake na saa ipimwe presha kabla ya kuingia nayo baharini, kwani ile "mita 200" kwenye uso mpya imechapwa na aliyetengeneza uso, ambaye saa yako hajawahi kuiona.