Mkonge na Kazi ya Subira

Ukitoka Mzinga, ukapita mjini Morogoro na kushika njia ya Dar es Salaam, utafika Tungi, penye shamba la mkonge. Chukua kipande cha kamba ya katani, ukifumue. Utaona nyuzi ndefu na imara. Nyuzi hizo hutoka ndani ya jani la mkonge. Mashine iitwayo korona huponda jani na kuziacha nyuzi. Kilo 100 za majani hutoa kilo 4 hivi tu za katani.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai.

Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250, huchanua mara moja, kisha hufa. Wataalamu wa Amani na Mlingano, mkoani Tanga, walitaka mkonge wenye majani mengi zaidi. Walichukua chavua ya aina moja wakaitia katika ua la aina nyingine. Lakini mmea huu huchukua miaka mingi kabla ya kuchanua. Kwa hiyo kazi iliyoanza katika miaka ya 1930 ilizaa matunda mashambani katika miaka ya 1960. Mkonge chotara namba 11648 hutoa majani zaidi ya maradufu.

Je, ni nani angengoja muda wote huo bila faida? Mtu mmoja hawezi. Ndiyo sababu serikali hugharimia utafiti. Mwaka 1986 Tanzania ilitunga sheria ya kuunda Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ili kuratibu na kuendeleza kazi hiyo.

Utafiti haumaliziki. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa katani tani 230,000 hivi. Baadaye kamba za plastiki zilienea duniani, bei ya katani ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka vichaka. Majani mengi hayakutosha. Yalihitajika matumizi mapya. Mwaka 2008, huko Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yaliyokuwa yakitupwa yalianza kutumiwa kutengeneza gesi ya kuzalisha umeme.

Maswali
1. Kilo 500 za majani hutoa kilo ngapi za katani?
2. Kwa nini kupata mkonge chotara kulichukua miaka mingi?
3. Fumua kamba ya katani na kamba ya plastiki. Zifukie nyuzi zake udongoni kwa miezi mitatu. Zipi zimeoza?