Hedhi Imekoma, Homoni Inatoka Wapi?

Mwanamke aliyetolewa uvimbe wa saratani titini mara nyingi huandikiwa tembe moja ndogo ya kumeza kila siku kwa miaka mitano. Akiwa na miaka 60 na kuendelea, huuliza swali ambalo kinamama wengi wa Kisii na Nyamira huliuliza: siku zangu zilikoma zamani, sasa ni homoni gani hiyo mnayoizuia? Ni swali la haki. Asiyepata jibu lake ndiye huiacha dawa katika mwaka wa pili, akiwa haumwi popote.

Kukoma kwa hedhi maana yake ni kwamba ovari zimestaafu. Estrojeni haijaisha. Tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo huendelea kutoa homoni za jamii ya androjeni, na kimeng'enya kiitwacho aromatesi huzigeuza kuwa estrojeni. Kazi hiyo hufanyika katika mafuta ya mwili, katika misuli, hata ndani ya titi lenyewe. Estrojeni hiyo ni chache mno kurudisha hedhi, lakini inatosha kukuza saratani inayoitegemea. Hiyo ni sababu mojawapo ya unene wa baada ya kukoma hedhi kuongeza hatari ya saratani ya matiti.

Uhusiano huu haukugunduliwa juzi. Mwaka 1896 daktari wa upasuaji George Beatson wa Glasgow, Uskoti, alieleza jinsi saratani ya titi iliyokuwa imeenea ilivyonywea baada ya kumtoa mgonjwa ovari. Leo tuna tembe za aina mbili. Tamoxifen hukalia vile vipokezi vya seli ambavyo estrojeni ingeshika, kwa hiyo homoni ipo lakini haipati pa kukaa. Anastrozole, letrozole na exemestane huizuia aromatesi yenyewe. Anayejua vilima vya Gusii ataelewa upesi: tamoxifen hufunika mtungi, hizi nyingine huziba chemchemi.

Si kila saratani ya titi hunywa maji hayo. Kabla ya tembe yoyote, kipande cha uvimbe hupimwa maabara kuona kama seli zake zina vipokezi vya homoni. Majibu huandikwa ER na PR. Yakiwa chanya, tembe ina kazi ya kufanya, na yakiwa hasi yote mawili, haina. Wapo wanaodhani saratani ya Waafrika haisikii dawa za homoni. Utafiti wa Shahin Sayed na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 kutokana na wagonjwa wa hospitali kadhaa nchini Kenya, ulikuta takriban 7 kati ya 10 wana vipokezi vya estrojeni. Kwa wengi wetu, basi, dawa hii ni nguzo ya matibabu.

Kipimo hicho cha vipokezi huweza kuharibika kabla hata ya kufika maabara. Kipande kilichotolewa kinapaswa kutiwa kwenye formalini mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja. Kikizungushwa kwenye chupa ya maji ya chumvi kutoka mji mmoja hadi mwingine, vipokezi huweza kuonekana hasi hali vilikuwepo. Habari njema ni kwamba maabara huhifadhi kipande hicho ndani ya nta, kwa hiyo aliyefanyiwa upasuaji bila kipimo hiki anaweza kuomba kipimwe sasa.

Baada ya vipokezi, swali la pili ni kama hedhi imekoma kweli. Dawa zinazozuia aromatesi hazimfai mwanamke ambaye ovari zake bado zinafanya kazi. Estrojeni ikishuka, ubongo hutuma amri ya kuziamsha ovari, nazo hutoa homoni zaidi. Letrozole hiyo hiyo wataalamu wa uzazi huwapa wanawake wanaotafuta mtoto ili mayai yapevuke. Kwa hiyo mwenye miaka 46 ambaye hedhi yake ilikatika kwa sababu ya tibakemikali au sindano ya kupanga uzazi asihesabiwe kuwa amekoma, na aliyetolewa kizazi huku ovari zikibaki, vilevile. Daktari hutazama umri, miezi 12 bila hedhi isiyo na sababu nyingine, na pale penye shaka, vipimo vya damu. Tamoxifen hutumika kabla na baada ya kukoma hedhi. Kundi la pili, la dawa zinazozuia aromatesi, ni la waliokwisha kukoma, au wale ambao ovari zao zimetolewa au kuzimwa kwa dawa.

Kila kundi la dawa lina gharama yake mwilini. Tamoxifen huweza kugandisha damu kwenye mishipa, na kwa wachache, hasa waliokoma hedhi, huleta saratani ya ukuta wa kizazi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana ghafla, au damu ikitoka ukeni baada ya miaka bila hedhi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia aromatesi hazina sana hatari hizo, lakini hupunguza uzito wa mifupa na kukaza viungo. Vidole na viganja hukakamaa asubuhi, saa ile ile ambayo mama wa Kebirigo au Nyamache anatakiwa awe shambani akichuna chai. Anayelipwa kwa kilo huona mapema kwamba kapu lake limepungua, na tembe ndiyo hulaumiwa.

Asiiache kimyakimya. Aseme kliniki. Mwendo wa kila siku na mazoezi ya vidole hupunguza ukakamavu, na dawa za maumivu zipo. Ikishindikana, daktari humpumzisha kwa wiki chache kisha humpa nyingine ya kundi hilo hilo, maana anayeteswa na anastrozole huenda akaivumilia exemestane. Au hurudi kwenye tamoxifen. Kwa mifupa, mboga ya chinsaga ina kalsiamu nyingi na dagaa wanaoliwa na mifupa yao pia. Kutembea milima yetu ni zoezi zuri. Aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo anahitaji dawa ya kuimarisha mifupa.

Joto la ghafla usiku na ukavu ukeni huwaaibisha wengi, hata wasiyataje mbele ya daktari kijana. Vilainishi visivyo na homoni vinasaidia, ila krimu yenye estrojeni isinunuliwe bila ruhusa ya daktari wa saratani. Atajiwe pia kila dawa nyingine, za miti shamba zikiwemo. Rifampicin, inayotibu kifua kikuu, huishusha sana tamoxifen mwilini, na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, kama paroxetine, huidhoofisha.

Taabu hii yote inalipa? Miaka mitano ya tamoxifen hupunguza vifo vya saratani yenye vipokezi kwa takriban theluthi moja. Uchambuzi wa majaribio uliohusisha wanawake zaidi ya 30,000, uliotoka mwaka 2015, ulionyesha kuwa dawa za kuzuia aromatesi huvipunguza zaidi kwa waliokoma hedhi. Saratani ya aina hii huweza kurudi hata baada ya miaka 10 au 15, na kwa sababu hiyo wengine huongezewa muda wa dawa. Kujisikia mzima si kipimo cha kuwa imeisha, kwani seli zilizobaki haziumi.

Kwa hiyo, ukienda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au kliniki nyingine ya saratani, uliza mambo manne: ER na PR yangu ni ngapi, na naweza kupata nakala? Nimehesabiwa kuwa nimekoma hedhi kwa ushahidi gani? Mifupa yangu inalindwaje? Nitamaliza dawa tarehe gani? Pitia pia dirisha la bima ya afya, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kabla ya kutoa fedha mfukoni. Tembe zikibaki za wiki mbili, tafuta nyingine. Usingoje bonasi ya chai.