Kuacha pombe ukiwa Bukavu ao Goma: mkutano unaanza na watu wawili

Ni saa kumi na mbili ya asubuhi katika komini ya Kadutu, mjini Bukavu. Fundi wa kujenga nyumba anaamka mikono ikitetemeka. Hawezi kushika tofali mpaka apate kwanza gilasi moja ya kanyanga. Jana usiku aliapa mbele ya bibi yake kwamba ameacha. Wiki iliyopita aliapa vile vile. Fundi huyu ni mfano tu, lakini wakaaji wa avenyu nyingi za Bukavu na Goma wanamjua mtu wa aina yake.

Kwa kawaida anapelekwa kwa nani? Kwa wazee wa familia wamkaripie, ao kwa mchungaji amuombee. Wote wanamwambia kitu kimoja: acha. Namna ya kuacha, hiyo hawamwambii.

Na hapo kuna hatari ambayo familia nyingi haziijui. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikata pombe ghafla, anaweza kufa. Kutetemeka na jasho vinaanza saa chache tu baada ya gilasi ya mwisho. Kifafa kinaweza kumshika katika siku mbili za kwanza. Kisha, siku ya pili ao ya tatu, wengine wanapata homa, wanachanganyikiwa, wanaona wadudu ukutani. Jirani watasema amerogwa, na atapelekwa kwenye chumba cha maombi wakati angepaswa kulazwa.

Kwa hiyo mlango wa kwanza ni kituo cha afya. Aseme wazi anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na kama kifafa kiliwahi kumshika. Kuna pia vituo vya afya ya akili vya shirika la Frères de la Charité: SOSAME mjini Bukavu, na Tulizo Letu mjini Goma. Wengi wanaogopa milango hiyo kwa sababu ya neno "wazimu". Ni woga unaogharimu maisha.

Mwili ukisha kutulia, kazi ngumu zaidi ndiyo inaanza: kubaki bila pombe mwezi wa pili, siku ya matanga, siku ya kupokea mshahara. Mikutano ya Alcooliques Anonymes, ao AA, ilizaliwa kwa ajili ya siku hizo. Mwaka 1935, huko Akron nchini Marekani, Bill Wilson, mtu wa biashara aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alishindwa katika biashara yake na akasikia kiu ya baa ya hoteli. Akashika simu. Hakutafuta mtu wa kumuonya. Alitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Akampata daktari Bob Smith. Wawili hao ndio walikuwa mkutano wa kwanza.

Mkutano wenyewe hauna mambo mengi. Watu wanakaa, mmoja anaongoza, kila anayetaka anasema yaliyompata yeye mwenyewe. Hakuna anayemkata neno wala kumhukumu. Mgeni anaweza kusema amekuja kusikiliza tu. Hakuna malipo ya kuingia, na sharti ni moja: kutaka kuacha pombe. AA haifungwi na kanisa lolote, hata kama Mungu anatajwa. Kila mtu anamuelewa kwa namna yake. Bibi na watoto wanakubaliwa kwenye mikutano ya wazi, na familia zina kundi lao, Al-Anon, tangu mwaka 1951.

Je, inasaidia? Mwaka 2020, wachunguzi wa Cochrane walikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10.000. Kwa kuacha pombe kabisa, waliosindikizwa mpaka AA mara nyingi walifaulu kuliko waliopewa matunzo mengine.

Katika Kivu, usitegemee kukuta kundi kwenye kila kata. Uliza kwenye kituo cha afya ya akili. Tovuti ya aa.org inasaidia kutafuta makundi nchi kwa nchi. Mwenye telefone na mega anaweza kuingia mikutano ya Kifaransa kwenye intaneti, bila kuonyesha sura. Mkutano wa Paris wa saa mbili ya usiku ni saa mbili pia Bukavu wakati wa kiangazi cha Ulaya, na saa tatu wakati wa baridi.

Lakini fundi wetu anaongea Kiswahili na Mashi. Kwake, Kifaransa ni ukuta mwingine. Kanuni za AA zinamfungulia njia: walevi wawili ao watatu wakikutana ili waache pombe, tayari ni kundi. Na mama wa AVEC wamekwisha kuonyesha namna ya kufanya: siku moja, saa moja, viti vya duara, kila wiki bila kukosa. Tofauti ni siri. Katika mji ambamo kila mtu anajuana, afadhali wa Kadutu akutane na wenzake Ibanda, mbali na nganda yake, na arudi nyumbani kabla ya giza.

Pengine wiki ya tatu atakunywa tena. Mkutano unaofuata atarudi na kukaa kwenye kiti kile kile. Kwenye AVEC anayekosa analipa faini. Hapa hakuna faini.