Malalo ya mbuzi: Lopur wanapigana na vumbi, sisi Pwani twapigana na tope

Mbuzi mzima wa kilo 30 hutoa kinyesi na mkojo wa karibu kilo moja kwa siku. Ukiwa na mbuzi 40 wanaolala zizini usiku kucha, kila asubuhi wamekuachia kilo 20 hivi, na mwezi ukiisha ni kilo 600. Swali la mfugaji, awe Lopur kule Turkana au Mtwapa hapa kwetu, ni lile lile: mzigo huu utakwenda wapi, na mbuzi atalala juu ya nini?

Nimeitaja Lopur kwa sababu. Hii ni wadi ya Turkana Magharibi, jirani na Kakuma, mahali ambapo watu wengi wa Pwani wamefika kwa biashara, ualimu au kazi za mashirika. Ni nchi ya ukame. Lodwar, makao makuu ya kaunti, hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka mzima, wakati Mombasa hupata kiasi kinachokaribia hicho, na pengine kukizidi, katika mwezi wa Mei peke yake. Mtu angedhani mfugaji wa Lopur hana la kutufundisha kuhusu usafi wa zizi. Analo, na tena kubwa.

Mfugaji wa Kiturkana wa jadi hakuwa akizoa samadi. Alikuwa akihama. Boma lake, ambalo wao huliita awi, lilikaa mahali kwa muda, mbuzi na ngamia wakalala ndani ya ua wa miiba, na malisho yalipopungua, kinyesi kikajaa na kupe na viroboto wakazidi, familia ilifunga mizigo ikaenda kukata miiba mipya mahali pengine. Kuhama ndiko kulikuwa kufagia.

Na zizi lililoachwa halikuharibika bure. Watafiti Robin Reid na James Ellis walichapisha mwaka 1995 utafiti wao wa Turkana Kusini, wakaonyesha kuwa migunga huota kwa wingi kwenye mazizi ya zamani. Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Mbuzi hula maganda ya mgunga wakati wa kiangazi, mbegu hupita tumboni zikiwa hai, zikaangukia kwenye samadi iliyojaa rutuba, na mvua ikija zinachipua. Huko Narok nako, watafiti walioandika katika jarida la Nature mwaka 2018 walikuta sehemu zilizokuwa mazizi ya wafugaji kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita bado zina rutuba kuliko ardhi inayozizunguka. Samadi ni mali, na mali hiyo hudumu.

Sasa hali imebadilika. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Kukaja visima, shule, zahanati, soko na chakula cha msaada. Familia nyingi za wenyeji zimetulia karibu na huduma hizo. Vijana wanaweza kwenda mbali na ngamia na ng'ombe, lakini mbuzi wa maziwa na wana-mbuzi hubaki nyumbani, na zizi lao hubaki pale pale mwaka baada ya mwaka. Watu wametulia, ila kinyesi hakikutulia. Kinaongezeka.

Kwa jua la Lopur kinyesi hicho hakiozi. Kuoza kunataka maji, na maji hakuna. Hukauka, mbuzi wakakisaga kwa kwato kikawa unga, na upepo ukivuma kila kiumbe kinavuta vumbi hilo puani, mtu kwa mnyama. Halafu ije mvua moja kubwa ya ghafla, na unga ule wa miezi sita hugeuka uji. Wana-mbuzi ambao tayari wamedhoofishwa na kiangazi hulala ndani ya uji huo usiku wa baridi. Mfugaji aliyeponea ukame hupoteza mifugo siku ya mvua aliyoiombea.

Hapa ndipo inapoingia njia ambayo wakulima wa nchi za baridi wameitumia kwa muda mrefu, nami nitaiita matandiko mazito. Ulaya, wakati wa theluji, mifugo hufungiwa bandani kwa miezi. Mkulima hutandika majani makavu ya ngano, na badala ya kuyazoa kila siku, huongeza mengine juu. Tandiko hunenepa hadi majira ya joto, ndipo likaondolewa lote kwa pamoja likapelekwa shambani. Mongolia, ambako majira ya baridi hushuka chini ya nyuzi 30 za sifuri na hakuna majani ya kupoteza, wafugaji hutumia samadi kavu yenyewe. Mbuzi na kondoo hulala juu ya tandiko la kinyesi kilichokauka, wanaloliita buuts, nalo huwakinga na ardhi iliyoganda.

Tandiko hili hufanyaje kazi? Mkojo wa mnyama una nitrojeni nyingi. Ukiachwa kwenye sakafu tupu hugeuka amonia, ile harufu inayochoma macho na koo. Vitu vikavu vya mimea, kama mabua na maranda, vina kaboni nyingi. Vinapochanganyika, bakteria hupata chakula chao kamili: wanaikamata nitrojeni isiruke hewani, wanakausha unyevu, na wanatoa joto. Ndani ya tandiko lililokaa sawa, kina cha shibiri moja kwenda chini, joto laweza kufika nyuzi 40 na zaidi, huku juu ni pakavu. Bakteria hao wanataka mambo matatu kwa kipimo: kaboni, hewa na maji. Lopur hukosekana maji. Pwani maji huzidi na hewa ikakosekana. Ndiyo maana vitabu vya Ulaya haviwezi kufuatwa neno kwa neno, si huko wala hapa kwetu.

Tuanze na Lopur. Kanuni ya kwanza: usitandike kinachoweza kuliwa. Penye njaa ya malisho, kumlaza mbuzi juu ya nyasi ni israfu. Lakini mchanga mkavu wa laga upo, na ni msingi mzuri kwa kuwa maji hupita ndani yake. Mabaki ya makoma baada ya kusuka vikapu yapo, na majani na vijiti vya mathenge vipo vya kutosha, mradi miiba iondolewe. Na juu ya hayo ipo njia ya Mongolia: mbuzi wakitoka kwenda malishoni, kinyesi cha usiku kinakusanywa kwa reki, kinaanikwa juani kando ya zizi, na jioni kile kilichokauka kinarudishwa pale penye unyevu. Kinachozidi kinarundikwa mbali na upepo unaoelekea nyumbani. Kisichoweza kukosa ni kona moja yenye paa kwa wana-mbuzi, hata kama ni ya makuti ya mkoma na turubai kuukuu, iliyoinuliwa kidogo kwa mchanga ili maji ya mvua yapite kando.

Kwetu Pwani kazi ni tofauti. Sisi hatuhitaji joto la tandiko, tunahitaji ukavu. Vifaa tunavyo: maranda ya kwa seremala, makapi ya mpunga kwa watu wa Tana, mabua na magunzi ya mahindi, majani makavu ya mvinje, na makumbi ya nazi yaliyopondwa. Muulize seremala kama mbao zake zimetiwa dawa ya mchwa au rangi. Kama zimetiwa, maranda hayo usiyachukue.

Utaratibu ni huu. Chagua mahali pa juu, pasipotuama maji. Ezeka paa lisilovuja, na uache pande ziwe wazi juu ili upepo upite. Kila mbuzi mzima apate nafasi ya mita moja na nusu ya mraba. Ukiwabana, hakuna tandiko litakaloweza kunyonya mkojo wao. Sakafu iwe ya udongo au mchanga ulioshindiliwa. Anza na tandiko la sentimita 15 hadi 20. Kila siku angalia penye unyevu, hasa karibu na maji na hori, uongeze kikavu hapo. Mara moja au mbili kwa wiki pindua kwa uma wa shamba ili hewa iingie, kwa sababu kwato hushindilia. Tandiko likifika sentimita 40 hivi, au baada ya miezi miwili au mitatu, ondoa lote. Kukaa nalo miezi sita kama Mzungu wa theluji ni kulitafutia joto ambalo mbuzi wa Malindi halitaki.

Vipimo havihitaji mtambo. Chukua konzi moja, ufinye. Maji yakidondoka, limelowa mno, ongeza maranda. Likimwagika kama vumbi, limekauka mno, na hilo ndilo tatizo la Lopur. Likishikana kisha likavunjika ukiligusa, ni sawa. Kipimo cha pili: piga goti juu yake ukihesabu hadi 30. Goti likiinuka limelowa, mbuzi naye analala majini. Cha tatu, inama pua yako ifike urefu wa pua ya mwana-mbuzi aliyelala. Amonia ukiisikia pale, yeye anaivuta usiku mzima, na mapafu yake yataanza kuharibika kabla wewe uliyesimama hujahisi chochote.

Anayepuuza haya hulipia. Tandiko lililolowa huleta kuoza kwato, nimonia, na kwa wana-mbuzi ile kuhara ya damu iletwayo na vijidudu vya koksidia vinavyopenda unyevu na joto. Wana-mbuzi watengewe sehemu yao, na tandiko lao libadilishwe mara kwa mara kuliko la wakubwa. Na tusidanganyane: tandiko si chanjo. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyoipiga Turkana mwaka 2006, haizuiwi na maranda. Daktari wa mifugo abaki na kazi yake.

Kuna hesabu nyingine inayotuhusu moja kwa moja. Wafugaji wengi wa Kilifi, Kwale na Lamu huweka madume wakingojea Idd ya kuchinja. Sote twajua aibu nne zinazomfanya mnyama asifae kwa udhiya: chongo iliyo dhahiri, ugonjwa ulio dhahiri, kuchechemea kulio dhahiri, na kukonda kusikobakisha uboho. Tatu kati ya hizo zaweza kuanzia kwenye malalo mabaya. Dume ulilolisha mwaka mzima likichechemea wiki ya mwisho kwa kwato zilizooza, mnunuzi wa udhiya atalipita, nawe utaliuza kwa bei ya bucha.

Kuna wanaosema kukaa na samadi bandani ni uchafu usiofaa kwa Muislamu. Katika hadithi iliyopokewa na Jabir bin Samura, Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya kuswali kwenye mazizi ya kondoo na mbuzi akaruhusu, na juu ya malalo ya ngamia akakataza. Mafaqihi wetu wa Kishafi wanaihesabu samadi kuwa ni najisi, kwa hiyo anayeswali hapo hutandika kitu tohara, na sisi viatu vya zizini na nguo za kazi tunaziacha nje ya nyumba. Lakini zizi ambalo mtu aweza kutandika mkeka akasimama mbele ya Mola wake si dimbwi la mkojo. Jirani yako naye ana haki isiyovunjwa na mbuzi wako. Harufu ikivuka ua kumfuata sebuleni mwake, tandiko lako limeshindwa, hata kama mbuzi bado wazima.

Mwisho ni samadi yenyewe. Usiipeleke shambani mbichi. Irundike, uifunike isinyeshewe, uigeuze kila baada ya wiki mbili kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Rundo likipata joto la nyuzi 55 na zaidi, mayai ya minyoo na mbegu nyingi za magugu hufa. Hili ni muhimu zaidi palipo na mathenge, iwe Lopur au Hola. Mbuzi hupitisha mbegu ya mathenge kama anavyopitisha ya mgunga. Samadi mbichi iliyowaoteshea Waturkana kivuli yaweza kukuoteshea wewe miiba katikati ya mchicha.

Mazizi mengi ya Pwani hayatofautiani sasa na ya Lopur yaliyotulia: hayahami, na hayazolewi ila harufu ikishinda. Ardhi ya kuhamia hatuna. Kwa hiyo ile kazi aliyoifanya Mturkana kwa miguu yake, sisi twapaswa kuifanya kwa reki na uma, dakika 15 kila asubuhi. Masika yakianza, maranda ya seremala yatakuwa yamelowa kama zizi lenyewe. Magunia 10 makavu yawekwe mapema, Machi isiishe.