Mdomo wa Bomba na Kimo cha Maji Katika Tangi la Samaki
Wengi hudhani kwamba pampu ndiyo huamua kimo cha maji katika tangi la samaki lenye tangi dogo chini yake. La hasha! Kimo hutawaliwa na mdomo wa bomba la kufurikia: maji yakiupita huteremka, kisha pampu huyarudisha juu. Atakaye kukiinua huunga kipande cha bomba. Atakaye kukishusha hulikata. Hata hivyo, hesabu na itangulie msumeno. Katika tangi la sentimita 100 kwa 50, kushusha mdomo sentimita 2 huteremsha lita 10. Tangi la chini lisipokuwa na nafasi ya lita hizo, pamoja na maji yashukayo umeme ukatikapo, sakafu hufurika. Naye ainuaye mdomo pasi na kuongeza maji, pampu yake yaweza kubaki kavu na kuungua.