Ukinunua Inchi Mbili, Unapewa Moja: Kweli na Uongo wa Tairi Kubwa

Barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, ni takriban kilomita 50 za lami kutoka Nairobi. Ukiiacha kidogo tu, ukaingia njia za Juja Farm au mitaa mipya inayochipuka nje ya Ruiru, lami inakwisha na udongo unaanza. Mvua za Machi zikikaribia, wauza matairi wa kati ya Ruiru na Thika hawakosi wateja. Mwenye gari anasimama mbele ya rundo la matairi, fundi analipiga moja teke na kumwambia: "Mkubwa, weka hizi za inchi 33, utasahau kukwama."

Huenda ni kweli, huenda si kweli. Maneno ya gereji yana hekima ndani yake, ila yamechanganyika na mapambo ya kibiashara. Tuyapime kwa gari ambalo wengi wanalijua, Prado la toleo la 120. Mengi yake yalitoka kiwandani na tairi la 265/65R17. Namba hiyo si fumbo: 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu wake kama asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijua hayo matatu, unaweza kumjibu fundi kwa hesabu.

"Tairi kubwa linainua gari."
KWELI, LAKINI NUSU.

Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776. La 285/70R17, lile linaloitwa inchi 33, lina milimita 831. Tofauti ni milimita 55, yaani inchi mbili na ushei. Lakini ekseli iko katikati ya gurudumu. Nusu ya nyongeza inakaa chini yake, nusu nyingine inakwenda juu. Difu iliyo kwenye ekseli hiyo imepanda milimita 27 tu. Umelipia inchi mbili, umepewa moja.

Ile nusu ya juu nayo haikai bure. Inakula nafasi ambayo gurudumu hukatia kona na kupandia springi zinapobonyea. Ndiyo maana tairi linaloonekana limeingia vizuri pale gereji huanza kusugua plastiki za ndani ya bodi ukilipeleka kwenye mashimo. Kabla ya kulipa, mwombe fundi apandishe gurudumu moja la mbele juu ya jiwe au ukingo wa barabara, kisha azungushe usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Likigusa hapo, litagusa porini.

Hata hivyo, usiidharau inchi hiyo moja. Spesa za springi huinua bodi, na gari likaonekana refu kwenye picha, lakini ekseli ya nyuma ya Prado ni kipande kimoja kinachobebwa na magurudumu yenyewe. Weka spesa utakavyo, difu ya nyuma itabaki palepale. Kinachoipandisha ni tairi.

"Rimu kubwa ndiyo gari la porini."
UONGO.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anatoa rimu ya inchi 17, anaweka ya inchi 20 inayong'aa, na anaamini gari limepanda. Tairi linalolingana na rimu hiyo, 265/50R20, lina kipenyo cha milimita 773. Gari limeshuka kidogo. Kilichoongezeka ni chuma, kilichopungua ni mpira: ubavu uliokuwa milimita 172 sasa ni 132. Ubavu ndio mto wa gari. Ndio unaomeza jiwe na shimo kabla havijafika kwenye rimu. Ukiupunguza, shimo moja la njia ya Gatanga linatosha kuipinda.

Asiyeamini na aangalie wanaolipwa kwa kukimbia kwenye mawe. Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha, magari ya ngazi ya juu yalivaa rimu za inchi 15. Magari hayohayo yakishindana kwenye lami huvaa za inchi 18. Rimu kubwa ni kiatu cha lami.

"Tairi pana halizami kwenye matope."
INATEGEMEA TOPE LIPI.

Ukanda huu una udongo wa aina mbili, na huwezi kuzungumzia tairi bila kutaja udongo. Upande wa magharibi, ukipanda kuelekea Gatundu na Gatanga kwenye kahawa na chai, ni udongo mwekundu: juu unateleza kama sabuni, chini ni mgumu. Upande wa tambarare za Juja na mashariki ya Thika ni udongo mweusi, blakikotoni kama tunavyouita, ambao ukilowa huvimba na ukikauka hupasuka nyufa.

Mchangani, tairi pana lina faida ya wazi kwa sababu uzito wa gari unatawanyika. Kwenye tope jepesi lililokaa juu ya ardhi ngumu, mambo hugeuka. Fikiria fundi wa nyumba anayejenga Juja: hawezi kuweka msingi juu ya udongo mweusi, huuchimba mpaka afikie pagumu. Tairi jembamba hufanya kazi hiyohiyo. Linakata tope, linafika chini, linashika. Tairi pana huelea juu ya utelezi na kuanza kutafuta mtaro.

Wazee waliendesha hivyo bila kuandika vitabu. Kiwanda cha Thika ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers kilianza miaka ya 1970 kama Leyland Kenya, na miongoni mwa magari kilichounganisha ni Land Rover. Tairi la 7.50-16, ambalo Land Rover nyingi za zamani zililivaa na Land Cruiser za kazi bado zinalivaa, ni jembamba kuliko la Prado lakini refu kulishinda. Urefu huo unainua difu. Wembamba unatafuta pagumu.

Kwa hiyo, ukitaka tairi kubwa kwa ajili ya mashamba ya huku, tafuta urefu kwanza, upana baadaye. Na kwenye udongo mweusi ulioshiba maji, pasipo na pagumu pa karibu, jua kwamba meno ya tairi hujaa udongo baada ya mizunguko michache na tairi lolote hugeuka kipara. Tairi la matope lina nafasi pana kati ya meno ili litapike udongo linapozunguka, na hilo husaidia. Minyororo husaidia zaidi. Kusubiri jua husaidia kuliko vyote.

"Badilisha mawili ya nyuma kwanza, ya mbele utaweka mwezi ujao."
UONGO WA GHARAMA.

Prado la 120 husukuma magurudumu yote manne muda wote, na katikati lina difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Forester nyingi nazo zina kifaa cha kazi hiyo. Vifaa hivyo vimeundwa kuvumilia tofauti ndogo ya mzunguko, kama ile ya kukata kona. Ukiweka tairi refu nyuma na fupi mbele, tofauti haikomi hata gari likienda moja kwa moja. Kifaa kinafanya kazi kutoka Ruiru hadi Thika bila kupumzika, kinapata moto na kuchakaa. Kwenye gari la 4x4 la kuunganisha kwa mkono hali ni mbaya zaidi: ukilifunga 4x4 kwenye ardhi kavu, gia zinavutana.

Ukibadilisha, badilisha manne, na la tano ni spea. Spea ya saizi ya zamani itakufikisha gereji polepole. Isigeuzwe kuwa tairi la safari.

"Tairi kubwa linakula mafuta."
KWELI, LAKINI KIPIMO NACHO KINADANGANYA.

Tairi la milimita 831 linakwenda mbali zaidi kwa asilimia 7 katika kila mzunguko. Mita ya gari haijui. Pale ulipokuwa ukisoma kilomita 107 kwa saa, sasa unasoma 100 tu, na kwenye barabara kuu ya Thika tofauti hiyo inatosha kukuletea maneno na askari. Kilomita 1,000 za zamani sasa zinasomeka kama 935 hivi. Kwa hiyo anayegawanya kilomita kwa lita analaumu tairi kwa mafuta ambayo halikunywa. Rekebisha hesabu kwanza: zidisha kilomita zako kwa 1.07.

Baada ya marekebisho, bado utakuta limekula. Tairi refu ni zito, na meno makubwa husugua lami. Ni kama umebadilishiwa gia zote zikawa ndefu kwa asilimia 7, na injini itakukumbusha hilo kwenye mlima wowote ukiwa umebeba mzigo. Breki nazo ni zilezile za kiwandani, lakini sasa zinazuia gurudumu zito na refu zaidi. Acha nafasi kubwa zaidi kati yako na matatu iliyo mbele.

Anayetaka faida kidogo bila deni kubwa ana njia ya kati. Tairi la 265/70R17 lina milimita 803: mita inapotoka kwa asilimia 3 na nusu hivi, difu inapanda milimita 13, na mara nyingi linaingia bila kukata kitu.

"Meno marefu, tairi zima."
UONGO.

Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo. Kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno ya kumvutia mtu lakini ubavu wake umekauka na kuanza nyufa ndogondogo. Gari lililotoka Japani nalo likaguliwe: sheria yetu inaruhusu gari la hadi miaka 8, na hakuna anayekuahidi kwamba matairi ni machanga kuliko gari.

Ukiwa hapo ubavuni, soma pia namba na herufi zinazofuata saizi. 112S maana yake ni kwamba tairi moja linabeba kilo 1,120 na linastahimili mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Matairi mengi ya matope yana herufi Q, yaani 160. Herufi ikishuka si tatizo kwa dereva mtulivu. Namba ya uzito isishuke chini ya ile ya kiwandani.

"Ukiwa na tairi kubwa, mto si kitu."
UONGO UNAOUA.

Milimita 27 hazigeuzi gari kuwa mashua. Kinachoamua kina cha maji unachoweza kuvuka ni pale injini inapovutia hewa, na pale hapajahama mbali. Zaidi ya hayo, tairi kubwa limejaa hewa zaidi, kwa hiyo linaelea mapema, na gari linaloelea halina usukani. Desemba 2021, basi lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika karibu na Mwingi. Magurudumu ya basi ni makubwa kuliko ya Prado. Likazama, na watu zaidi ya 30 wakafa.

"Kutoa upepo ni kuharibu tairi."
UONGO, UKIJUA KUURUDISHA.

Hili ndilo ambalo muuzaji hana sababu ya kukwambia, maana halimwingizii kitu. Prado lenye upepo wa PSI 29 likishushwa hadi 18 kwenye mchanga au njia mbovu ya mawe, tairi linalala, alama yake ardhini inarefuka, na meno mengi zaidi yanashika kwa wakati mmoja. Tairi linakuwa kubwa pale linapogusa ardhi, bila kugusa bodi, bila kupotosha mita, bila kuchosha breki. Ndiyo sababu nyingine ya kuutunza ubavu mrefu: rimu ya inchi 20 haina cha kulaza.

Masharti ni machache. Endesha polepole, usikate kona kwa nguvu, usiushushe upepo sana mpaka tairi likachomoka kwenye rimu, na ujaze upepo kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi laini kwenye mwendo wa kasi hupata moto na kupasuka, na hapo msemo wa gereji unakuwa kweli. Kipima upepo na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari ni bei ya chini sana kuliko tairi moja.

Basi siku utakapokwama, kabla hujapiga simu ya trekta, shuka uchungulie chini ya gari. Ukikuta difu au tumbo limekaa juu ya udongo na magurudumu yananing'inia, una kesi ya tairi refu. Ile inchi moja ingekufaa, na ina haki ya pesa yako. Ukikuta tumbo liko wazi lakini magurudumu yamezunguka mpaka yakajichimbia, shida yako ni upepo na meno, na inchi 33 zingechimba shimo kubwa zaidi.